Nani Amfuate Mwenzake, Mwimbaji au Msikilizaji?

Kundi la taarabu likialikwa harusini Lamu, kazi huanzia gatini. Vyombo vimeshuka Mokowe, vimevushwa kwa boti, spika zimefunikwa turubai zisirushiwe maji ya chumvi, na mpiga kinanda amekipakata chombo chake kama mtoto mchanga. Hampi mtu amshikie. Juu ya ngazi punda na mahamali wanangoja, maana vichochoro vya mji havipitishi gari. Wenye harusi hulipa nauli, chakula na malazi ya kundi zima, na usiku ule mtaa hupata muziki bila mtu kuvuka maji.

Ziara niliyoijua mimi tangu utotoni ndiyo hiyo: msafiri ni mwimbaji. Kwa nyota wakubwa wa pop mambo yanaelekea kugeuka. Albamu ikitoka, nyota huchagua miji michache, hupiga kambi, na mashabiki ndio wafunge safari.

Beyoncé ni mfano mzuri. Albamu ya Cowboy Carter ilitoka Machi 2024, ikampa Grammy ya albamu bora ya mwaka Februari 2025, na Aprili 2025 akaanza ziara ya kuinadi. Maonyesho yalikuwa 32, lakini viwanja 9 tu: 7 vya Marekani, kimoja London, kimoja Paris. Mwaka 2023, kwa albamu ya Renaissance, alikuwa amefanya maonyesho 56 katika miji zaidi ya 30. Afrika haikuwamo katika ziara zote mbili.

Wanaomtetea wana hoja, na mimi hesabu yao naikubali. Jukwaa la uwanja wa mpira ni mlima wa vyuma, taa na skrini. Kulifungua, kulipakia kwenye malori na kulisimamisha upya mji mwingine hula siku na fedha, na siku za kuhama hazina kiingilio. Ukikaa London usiku kadhaa mfululizo, gharama ya kujenga unailipa mara moja. Ndiyo maana ziara ile fupi iliuza tiketi kama milioni 1.6 na kuingiza zaidi ya dola milioni 400, takribani dola milioni 12.7 kwa usiku mmoja, huku ile ndefu ya 2023 ikiingiza kama milioni 10 kwa usiku. Kuna na mwili pia. Mwimbaji anayecheza na kuimba kwa saa mbili na zaidi hupata nafasi ya kulala kitanda kimoja wiki nzima, na wafanyakazi wake vilevile. Hilo si jambo dogo.

Ila gharama haikupotea, imehamia kwa msikilizaji. Gawanya mapato yale kwa tiketi zile: kila moja imefika wastani wa dola 250, kama shilingi 32,000 za Kenya, kabla ya ndege, hoteli na viza. Na wenye miji wameijua thamani ya kambi hiyo. Machi 2024 Taylor Swift aliimba usiku 6 Singapore, kituo chake pekee katika Asia ya Kusini Mashariki, na serikali ya Singapore ilikiri kwamba ilitoa ruzuku. Majirani walilalamika. Anayeweza kulipa ndiye anayefuatwa. Asiyeweza hufuata mwenyewe au hukaa kwao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi tumo ndani ya muziki wenyewe. Wimbo wa Spirit, alioutoa Beyoncé mwaka 2019 kwa filamu ya The Lion King, unaanza kwa maneno ya Kiswahili, lugha yetu hii. Kumwambia mtu "Afrika ni mbali" baada ya kuifuata Afrika mpaka studio ni neno gumu kulimeza. Wala si kwamba haiwezekani: Michael Jackson, akiinadi albamu ya HIStory, alianza Prague Septemba 1996 na kufunga ziara Durban Oktoba 1997, na njiani alipita Tunis.

Hata hivyo sitaki kujifanya kwamba mtu kuufuata mji ni dhuluma daima. Lamu yenyewe hufuatwa. Kila mwaka Maulidi ya msikiti wa Riyadha huleta wageni kutoka Mombasa, Tanzania na Comoro, na hakuna anayelalamika kwamba yangehamishiwa kwao. Silinganishi ibada na tamasha la pop, hasha. Nasema juu ya safari tu. Mtu husafiri kwa hiari akijua kwamba akifika ana pa kulala na hatoulizwa shilingi 32,000 mlangoni.

Dawa inayotajwa siku zote ni Nairobi: tujenge viwanja, nyota watakuja. Waje, na nitafurahi. Lakini hebu mtazame kijana wa Langoni, mtaa wa Lamu, siku hiyo: boti alfajiri, basi kutwa nzima mpaka Mombasa, halafu treni au basi jingine, kisha malazi, kisha tiketi. Kwake yeye Nairobi na Johannesburg zinatofautiana kidogo mno.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa siipeleki Marekani. Wasanii wetu wenyewe wakitoa albamu hutangaza ziara ya kimataifa, na ukisoma miji yake utaona Ulaya, Amerika Kaskazini, kisha Nairobi. Sauti Sol walipokuwa wakiagana na mashabiki mwaka 2023 walifuata njia hiyo hiyo. Nao wana sababu. Watu 1,000 London kwa kiingilio cha pauni 40 ni zaidi ya shilingi milioni 6. Watu 1,000 Malindi kwa shilingi 500 ni nusu milioni, na humo utoe bendi, jukwaa, jenereta, ulinzi na leseni ya kaunti. Promota wa Malindi anayekataa kujitosa simwiti mwoga.

Lakini hesabu hiyo inamchukulia msanii kana kwamba anatoka Nairobi kwa ajili ya Malindi peke yake. Akiimba Mombasa Jumamosi, bendi na vyombo vimeshateremka pwani; Malindi ni kilomita kama 120 tu, na Disemba mji umejaa wageni wa hoteli. Jumapili jioni ingemgharimu sehemu ndogo ya ile Jumamosi. Lamu nayo haihitaji mlima wa vyuma, tena jukwaa la uwanja wa mpira mimi nisingelitaka kabisa ndani ya mji wa kale. Pale Mkunguni, mbele ya ngome, ingetosha gitaa mbili, ngoma, mwimbaji mwenye sauti yake mwenyewe na spika nne.

Shilingi 500 tutalipa. Na spika zikifika gatini, mahamali na punda wapo.