Urubani unalipa, lakini msiuze kiwanja kwanza

Wazazi wa Mombasa tuongee ukweli kuhusu hii kazi ya urubani manake naona watu wanaambiana mshahara tu basi. Ukikaa baraza lolote kuanzia Majengo mpaka Bamburi utasikia rubani analipwa malaki, kepteni anakaribia milioni, analala hoteli kubwa kubwa, anazunguka dunia bure, na mzazi ambaye mtoto wake amefanya vizuri fizikia anaanza kukifikiria kile kiwanja cha Mtwapa alichoachiwa na marehemu babake. Mimi urubani siupingi. Ninachopinga ni kiwanja kuuzwa kwa hesabu ambayo haijapigwa mpaka mwisho, na kazi yangu ya klia na fowadi, yaani kutoa na kusafirisha mizigo ya watu, imenikalisha miaka mingi kati ya uwanja wa ndege na bandari, watu wa pande zote mbili nawajua, kwa hivyo wacha niipige hapa.

Tuanze na mlango wa kuingilia manake hapo ndo watu wanaparuka. Daktari, mwalimu, injinia, hawa wakipita vizuri serikali inawashika mkono kidogo, kuna chuo cha umma, kuna mkopo wa HELB, mzazi anahangaika lakini anahangaika na nauli na chumba na chakula. Urubani sivyo. Unalipia mwenyewe kila saa ambayo mtoto yuko juu, na ndani ya hio saa kuna mafuta, kuna ndege ya watu, kuna mwalimu, kuna ada ya kutua. Anaanza na laiseni ya kibinafsi, PPL, halafu anapanda mpaka CPL ile ya biashara ambayo kwa kawaida inataka kama saa 200 angani, na shule nyingi ziko uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi, kwa hivyo mtoto wa Kisauni anataka pia pa kulala. Ukijumlisha unaongea mamilioni. Na mvua ikishika wiki nzima ama ndege ikiwa gereji, masomo yanasimama lakini kodi ya chumba haisimami.

Haya, amemaliza, mashaallah, picha zimepigwa na shati jeupe na mabega ya dhahabu, ukoo mzima umefurahi. Kazi iko wapi? Kampuni kubwa haitaki mtu wa saa 200 kirahisi, inataka mwenye saa nyingi na mara nyingi inataka awe ameshafanya kozi ya ile ndege yenyewe wanayorusha, na kozi hio ni pesa nyingine tena. Kuwa kepteni wa ndege ya abiria unahitaji ATPL, laiseni ya juu kabisa, na hio inaanzia saa 1,500. Sasa kutoka 200 kwenda 1,500 ndo kuna bonde ambalo vijana wengi wa Kenya wamekwama ndani yake, wana laiseni kabatini, wengine wanauza bima, wengine wanaendesha teksi za programu, na laiseni yenyewe haikai bure, kuna vipimo vya daktari na mitihani ya kuruka ya kuifanya iendelee kuwa hai. Hawa siwaoni wakitajwa barazani. Wanatajwa wale waliovuka.

Na wanaovuka wanavuka vipi? Wengi kwa ndege ndogo, Cessna Caravan na ndugu zake, safari za Mara, Lamu, Sudan Kusini, Somalia, viwanja vya mchanga visivyo na taa, mizigo ya msaada na miraa. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ya kampuni ya Kenya ikiwa na vifaa vya hospitali vya wakati wa korona ilidunguliwa ikienda kutua Bardale, Somalia, na watu sita waliokuwa ndani wakafa wote. Silitaji kuwatia watu hofu, nalitaja kwa sababu mshahara wa kepteni wa Dreamliner, ile Boeing kubwa ya safari ndefu, ndo unaowekwa mezani, na njia ya kumfikisha mtoto huko haiwekwi.

Halafu kuna hizi namba za mishahara ya Marekani zinazozunguka TikTok. Ni za kweli, nisiwadanganye. Takwimu za serikali yao za 2023 zinaonyesha rubani wa shirika la abiria aliye katikati ya safu anapata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, na marubani wa shirika la Delta mwaka huo huo walipitisha mkataba unaowaongezea jumla ya asilimia 34 kwa miaka minne. Lakini ukirudi nyuma kidogo tu, rubani Sullenberger, yule aliyeitua ndege kwenye mto Hudson kule New York Januari 2009 na abiria wote wakatoka hai, mwezi uliofuata alisimama mbele ya bunge la Marekani akasema mshahara wake ulikuwa umekatwa asilimia 40 na pensheni yake imefutwa. Shujaa wa dunia nzima! Na wakati huo huo kijana anayeanza kwenye mashirika madogo ya kule alikuwa analipwa chini ya dola 25,000 kwa mwaka. Sasa hivi wanalipwa vizuri kwa sababu wazee wanastaafu wakifika 65 na wanaochukua nafasi hawatoshi. Kazi hii inapanda na kushuka na uchumi wa dunia, na ikishuka inashuka na kila mtu kwa siku moja.

Sisi hapa tuliiona 2020. Ndege za abiria zilianza kusimama Machi, za ndani zikarudi katikati ya Julai, za nje Agosti, na mishahara ya marubani ikakatwa na mingine ikacheleweshwa. Deni hilo pamoja na mfuko wao wa akiba ndo lililozaa mgomo wa Kenya Airways wa Novemba 2022, watu wakakwama viwanjani mpaka mahakama ikawaamuru warudi kazini, na mtandaoni wakatukanwa vibaya sana ati wana tamaa wakati wanalipwa vizuri. Mimi niliumia kusoma yale matusi. Mtu kudai pesa yake aliyoifanyia kazi si tamaa. Lakini niliona jambo jingine pia: rubani Kenya ana waajiri wangapi? Shirika la Jetlink lilipofunga Novemba 2012 watu wake walienda wapi? Mwalimu akigombana na mkuu wa shule anahamia shule nyingine na uzoefu wake. Rubani akihama shirika, kwenye mashirika mengi anaingia mwisho wa foleni, rosta mbaya ni yake, likizo ya mwisho ni yake, hata kama nywele zishakuwa nyeupe. Ndo maana wengi wanakimbilia Ghuba, kule hawakatwi kodi ya mapato, hapa kipande cha mshahara kinachopita 800,000 kwa mwezi kinakatwa asilimia 35, ukiongeza bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na makato ya nyumba asilimia 1.5. Ila ukienda Ghuba umehama kwenu.

Na hapo kwenye kuhama ndo mimi naona pesa haijibu kila kitu. Sisi watu wa pwani tuna maisha ya watu. Mtu akifariki asubuhi, alasiri tushamzika, hatungoji. Mtoto wako akiwa amepeleka ndege New York, safari ya kama saa 15 kutoka Nairobi, simu anaifungua akitua na nyote mshatoka makaburini. Idd atakuwa kwenye rosta. Harusi ya dadake atakuwa kwenye rosta. Ramadhani mwili haujui ufuturu saa ya wapi. Kuna wanaoweza na wanaoishi vizuri kabisa hivo, na kuna faida za kweli, siku za mapumziko zinakuja kwa mkupuo, kazi huendi nayo nyumbani, ukifunga mlango wa ndege umemaliza. Lakini mtu aulizwe kabla, si baada ya kiwanja kwenda.

Sasa tulinganishe. Udaktari watu wanauweka juu pamoja na urubani, na mimi nauheshimu kabisa, ila tazameni walivyofanyiwa. Mkataba wa 2017 unasema daktari wa mafunzo alipwe 206,400, serikali ikataka kumpa 70,000, wakagoma siku 56 mwaka 2024, na hawa ni watoto waliosoma miaka sita. Kwa hivyo sisemi kazi nyingine ni peponi. Tofauti ni hii: daktari akipata kisukari ama presha anaendelea kutibu watu. Rubani anapimwa afya kila mwaka na kila miezi sita anaingizwa kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege, ajaribiwe, na moyo ukisomeka vibaya siku moja laiseni inasimama, mshahara unasimama, na umri ni 42 na mikopo ya nyumba iko pale pale. Na sisi pwani sukari na presha ziko kwenye damu za koo nyingi, tunajuana.

Kuna kazi zilizo ndani ya hio hio ndege ambazo hatuzitaji. Fundi wa ndege mwenye laiseni, bila sahihi yake ndege haitoki, na mafunzo yake si mamilioni ya kuchoma mafuta. Mtu wa mnara anayeongoza ndege. Mtoto anayependa ndege kweli kweli anaweza kuishi nazo bila familia kubaki uchi.

Lakini mimi moyo wangu uko kwa bahari, na hapa ndo nashangaa watu wa Mombasa. Simama kwenye feri ya Likoni wakati imeambiwa ingoje, utaona meli ya kontena inaingia Kilindini polepole, imejaza mlango wote. Pale juu kuna rubani. Ni wa bandari, ameenda kuipokea nje kwa boti, akapanda ngazi ya kamba iliyoning'inia ubavuni huku bahari inapiga, akasimama kando ya nahodha wa nchi nyingine na kuiongoza kati ya miamba mpaka gatini, tagi, zile boti za kusukuma meli, zinasukuma kwa maneno yake. Ni kazi ya hatari, ile ngazi imeua marubani wengi duniani. Ni kazi ya heshima na inalipa, na akimaliza zamu anarudi kulala kwake Tudor ama Kizingo. Mtoto wangu angeniambia anataka kuwa rubani ningemuuliza kwanza, wa wapi?

Nako pia kuna bonde lake, nisiwafiche. Kufika pale lazima uwe umekula chumvi miaka, na kijana akimaliza pale Bandari Maritime Academy anahitaji kama miezi 12 ya kuwa kadeti melini ndo apate cheti cha ofisa, na meli za kuwachukua watoto wetu ni chache, wengi wanazunguka na faili maofisini na matapeli wa ajira wanawala pesa. Na baharia wa kawaida si tajiri, kiwango cha chini cha kimataifa cha baharia mzoefu kwa 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi za msingi, na mikataba ni miezi sita, tisa, hayo mazishi nayo anayakosa. Ila angalieni gharama ya kujaribu. Kijana akijaribu bahari ikamkataa amepoteza muda na karo ya kawaida, anageukia bandarini, kwenye kreni, kwenye klia na fowadi kama mimi, kwa injini, ujuzi unahama naye. Kijana akijaribu anga ikamkataa kwenye saa 200, cheti kile hakimfungulii ofisi yoyote nyingine, na kiwanja hakirudi.

Kwa hivyo nikiulizwa urubani unashinda kazi nyingine, jibu langu ni kwamba unashinda kwa yule aliyefika juu, na unashindwa na nyingi sana kwa yule aliyekwama katikati, na familia ya kawaida haina uwezo wa kulipia kukwama. Mwenye pesa za ziada aende. Mwenye udhamini wa shirika linalomlipia kwa mkataba wa kulitumikia miaka kadhaa aende mbio. Na yule mtoto ambaye hasikii la mtu, analala na kuamka na ndege, huyo msimvunje moyo, Irene Koki Mutungi alikuwa binti wa Kenya hivi hivi na akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kepteni wa Dreamliner. Ila mpangieni. Aende PPL peke yake kwanza, hio ni sehemu ndogo ya gharama, ataona mwenyewe kama anaipenda kazi ama anapenda yale mabega ya dhahabu. Msilipe karo yote ya CPL kwa mkupuo, lipeni kwa hatua kwa jinsi anavyoruka na muandikiane, manake shule ikifunga mlango pesa mliyotanguliza kuipata ni kazi kubwa. Muulizeni mkuu wa shule wanafunzi wake waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo, na mtafute wawili muongee nao bila yeye kuwepo. Na kabla ya yote hayo, kabla ya shilingi moja kutoka mfukoni, mtoto apelekwe kwa daktari anayetambuliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, apimwe kile kipimo cha daraja la kwanza, macho, masikio, moyo, damu, kila kitu, cheti kikikataliwa hapo mmepoteza ada ya kipimo tu na kiwanja bado ni chenu.