Muuguzi wa thieta: azungushwe wodini au aachwe alipo?

Orodha ya uhamisho wa ndani ikitoka hospitalini, thieta, yaani chumba cha upasuaji, ndiko kunakozuka manung'uniko ya kwanza. Sista aliyezoea kukabidhi vifaa kwenye upasuaji wa tumbo anajikuta amepangiwa wodi ya watoto. Mwenzake wa kliniki ya wajawazito analetwa thieta, anaelekezwa juu juu kwa siku chache, kisha anaingizwa kwenye zamu ya usiku kama mwenyeji. Utaratibu huu wa kuwazungusha wauguzi unajulikana vizuri na yeyote aliyefanya kazi katika hospitali za umma Dar es Salaam. Una watetezi wenye hoja nzito na wapinzani wenye uchungu wa kweli. Mimi naegemea kwa wapinzani, ila hoja wanayoipenda zaidi, ile ya uzoefu, sidhani kama ndiyo yenye nguvu.

Watetezi kwanza, kwa sababu husikilizwa mara chache. Muuguzi mfawidhi wa hospitali ana watu wachache kuliko mahitaji yake, na akiwaacha wa thieta wasiguswe, mzigo wote wa kuziba mapengo unaangukia wodi. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ni ya muuguzi, si ya thieta, kwa hiyo kisheria mfawidhi anao uhuru wa kumpanga popote. Isitoshe, aliyekaa thieta miaka kumi na mitano hupoteza mengine: kumfuatilia mgonjwa wa kisukari, kuzungumza na ndugu walioketi kwenye benchi, kusoma mwenendo wa uchungu wa mama. Siku akipandishwa cheo asimamie wodi nne, anaanza upya mbele ya vijana aliowazidi umri.

Kuna pia jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Thieta hugeuka himaya. Mkongwe mmoja anajua kila seti ya vifaa ilipo na haandiki popote; daktari fulani hataki kukabidhiwa mkasi na mwingine; mgeni akiuliza swali anajibiwa kwa jicho. Zamu za kuitwa usiku na posho zake zinabaki kwa wale wale. Mzunguko unavunja hayo, na anayedai kwamba hayapo hajawahi kuwa mgeni thieta.

Sasa upande wa pili. Anayeiona thieta kama wodi yenye taa kali hajui muuguzi anafanya nini mle. Aliyenawa na kuvaa gauni anapanga meza, anamtangulia daktari kwa hatua moja, analinda usafi wa eneo na kujua papo hapo nani ameuvunja. Mwenzake asiyenawa, anayezunguka chumbani, anathibitisha mgonjwa ni nani na anafanyiwa nini, anaweka vizuri bamba la mashine ya umeme ya kukatia ili ngozi isiungue, anaandika jina kwenye chupa ya kipande kinachopelekwa maabara, anafungua nyuzi, anapokea simu. Katika Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili kuna trei za sahani na skrubu za kuungia mifupa, za ukubwa mbalimbali. Jirani yake, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kifua kinafunguliwa na moyo kusimamishwa. Hakuna anayefikiria kumleta huko mtu wa kliniki na kumkabidhi meza juma linalofuata. Hospitali ya kawaida ndiyo inayodhani inaweza, kana kwamba dereva na konda wanabadilishana kazi kwa kuwa wote wamo kwenye daladala moja.

Lakini kipimo changu kiko kwenye kazi inayoonekana ndogo kuliko zote: kuhesabu gozi na mopu (vitambaa vidogo na vikubwa vya kufyonza damu), sindano na vifaa kabla ya kupasua, kabla ya kufunga tumbo, na tena kabla ya kufunga ngozi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulichunguza visa vya vitu vilivyosahauliwa ndani ya wagonjwa. Zaidi kidogo ya theluthi mbili ya vitu hivyo vilikuwa gozi na mopu. Upasuaji wa dharura uliongeza hatari hiyo takriban mara tisa, na upasuaji uliobadilika ghafla katikati takriban mara nne. Kilichonishtua ni kingine: katika visa ambavyo hesabu ilifanyika, asilimia 88 hesabu ilitangazwa kuwa sahihi. Watu walihesabu, wakaridhika, na kitu kikabaki tumboni.

Takwimu hiyo inawakata pande zote mbili. Inawakata wanaosema uzoefu ndio kinga, kwa kuwa hesabu zile hazikufanywa na wanafunzi. Mzoefu anahesabu kwa macho, akili ikiwa kwenye kesi inayofuata. Mgeni anahesabu kwa sauti, akigusa moja moja, kwa sababu anaogopa. Mtetezi wa mzunguko angeweza kuishika hoja hii akashinda nayo, na nashangaa haitumii. Ila inamkata na yeye. Hesabu inafanywa na wawili, mmoja anataja na mwingine anaona na kuandika ubaoni. Wawili hao wanahitaji kuthubutu kumwambia daktari aliyeshika sindano ya kufungia, "Dokta, tusubiri, mopu moja haijapatikana." Mgeni aliyeletwa juzi anaweza kuhesabu vizuri sana. Kusema hivyo saa tisa usiku, kwa daktari asiyemjua, hawezi.

Ratiba inapopangwa, watu wanahesabiwa vichwa: kaondoka mmoja, kaja mmoja, idadi ileile. Usalama wa mgonjwa unakaa kwenye jozi. Ukimhamisha mmoja umevunja jozi zote alizokuwa akiunda na wenzake wa zamu, na nafasi ya kuunda nyingine hupatikana mchana, kwenye upasuaji wa kupangwa, wakati hatari iko usiku. Usiku ndipo anapofika mama anayetakiwa kujifungua kwa upasuaji, na mimba iliyotunga nje ya kizazi ikapasuka, na kijana wa bodaboda mwenye wengu linalovuja. Ndiyo dharura ile ya mara tisa. Na ndipo watu wanapokuwa wachache kiasi kwamba muuguzi mmoja ananawa na yule wa kuzunguka anahudumia vyumba viwili. Hapo hesabu ya wawili inakuwa ya mtu mmoja anayejisemea.

Kuna watakaosema dawa ipo tayari: orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008, yenye vipengele 19, inayosomwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Nchi hii ina haki ya kujivunia karatasi hiyo, kwani Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji minane ilipojaribiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mgeni akiwa na karatasi hiyo mkononi, wanasema, hahitaji miaka mingi ya uzoefu.

Ingekuwa hivyo kama karatasi ingefanya kazi yenyewe. Jimbo la Ontario, Kanada, liliitumia katika hospitali 101, na mwaka 2014 watafiti wakaripoti kwamba vifo na madhara havikupungua kwa kiwango cha maana. Karatasi ilikuwa karibu ileile. Maelezo yanayotolewa ni mengi, na wapo wanaosema Ontario muda wa kupima ulikuwa mfupi, sawa. Lakini yeyote aliyewahi kuona orodha ikijazwa alama zote baada ya mgonjwa kupelekwa wodini anajua ugonjwa wenyewe. Orodha inamtaka mtu wa kuisoma kwa sauti na chumba kinachomnyamazia. Kwa kawaida mtu huyo ni muuguzi.

Nako juu, kwa wanaopanga sera, hali haimsaidii. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2015 iliweka lengo la wataalamu 20 kwa kila watu 100,000: wapasuaji, wa usingizi na wa uzazi. Muuguzi wa thieta hayumo katika hesabu. Tanzania nayo ilizindua mpango wake wa kitaifa wa upasuaji, uzazi na usingizi mwaka 2018, hatua njema. Ila asiyehesabiwa juu si ajabu akazungushwa chini.

Ningefanyaje? Kila thieta iwe na kiini cha wauguzi wasiohamishwa kwa miaka kadhaa, wakizunguka ndani ya thieta yenyewe: uzazi, tumbo, mifupa, chumba cha kutakasia vifaa. Wengine waje na kuondoka, kwa sharti kwamba usiku mgeni hapangwi na mgeni. Mkongwe aandike seti zake. Asiyeandika ndiye azungushwe kwanza, na hapo nakubaliana na muuguzi mfawidhi kabisa.

Kiini hicho kina gharama, na wenzangu wa upande huu hawapendi kuitaja. Wauguzi sita waliofungiwa thieta ni sita ambao haiwezekani kuwagusa siku wodi ya wazazi ina mama wawili kitanda kimoja. Sista wa wodi hiyo ndiye atakayebeba zamu ya ziada. Akiuliza kwa nini, kumjibu kwamba wale ni wataalamu ni kumtukana, maana na yeye ni mtaalamu. Anachostahili ni njia ya wazi ya kuomba kuingia kwenye kiini hicho akitaka, na kujua posho za usiku za thieta zinagawanywaje, kwa majina, kwenye karatasi ambayo kila mtu anaweza kuisoma.