Klapa au kisanduku cha taimukodi?

Kwenye sendofu moja hapa Moshi nilikuwa na kamera tatu na rekoda iliyochomekwa kwenye mikisa ya DJ. Klapa, kile kibao cha kugonga ili picha na sauti zipatanishwe baadaye, nilipiga mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo kila mpiga picha akawa anazima na kuwasha anavyojisikia, na kupatanisha vipande kukanila siku mbili. Tangu siku hiyo wenzangu wananishawishi ninunue visanduku vya taimukodi: kimoja kwenye kila kamera, unazilinganisha saa zao kwa Bluetooth, kila faili linabeba saa na fremu yake (fremu ni picha moja moja ya video).

Wasiovitaka wanasema programu za uhariri zinalinganisha mawimbi ya sauti zenyewe. Kweli, na kwa kamera mbili zilizo jirani na spika sioni haja ya kutoa hela. Lakini sauti huenda mita 343 hivi kwa sekunde. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni kama mita 14. Kamera iliyo mita 28 nyuma inasikia fremu mbili baadaye. Linganisha kwa sauti, na midomo ya MC itatangulia maneno.

Hofu ya kwamba Bluetooth itakatika ukumbini haina uzito. Mawimbi hayo yanaweka saa tu. Baada ya hapo kila kisanduku kinahesabu chenyewe, na vilivyo vizuri havipotezi zaidi ya fremu moja kwa siku nzima. Kasoro yenyewe iko kwenye kamera. Saa yake ikikosea sehemu 20 kwa milioni, baada ya saa moja ya kurekodi mfululizo imeteleza milisekunde 72, karibu fremu mbili, na kisanduku kilichobandikwa juu hakiizuii. Tena kamera zetu nyingi za bei nafuu hazina tundu la taimukodi. Unakichomeka kisanduku kwenye tundu la maiki, taimukodi inaingia kama mlio wa kukera, na chaneli moja ya sauti imekwenda.

Mkutano kwenye AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa kule Arusha, ni habari nyingine. Mzungumzaji anaongea Kiswahili, rekoda yako inachukua Kifaransa cha mkalimani: programu italinganisha nini na nini? Kazi ya namna hiyo nakodi visanduku bila kubishana na mtu. Sendofu bado napiga klapa, ila sasa kuna kijana ninayemlipa kuipiga kila kamera inapowashwa upya.