Ilala ina Spika, mbunge je?

Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi Barabara ya Morogoro hapa Dar hufungwa pale Jangwani. Mwaka mmoja tulishushwa Magomeni Mapipa, watu wazima viatu mkononi, tukitazama maji ya Msimbazi yakikatiza juu ya lami kama yana hati ya kiwanja. Jamaa mmoja aliyekunja suruali hadi magotini akauliza kwa sauti, "Nani ana namba ya Zungu?" Watu wakaangua kicheko.

Mussa Azzan Zungu wa CCM amekuwa mbunge wa Ilala tangu 2005. Uzito wa hilo anaujua aliyekuwepo hapa mjini 2015, upepo wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, ulipozoa majimbo sita kati ya kumi ya Dar: Kawe, Kibamba, Ubungo, Ukonga, Kinondoni na Temeke. Yeye akabaki. Kura yangu haikuwa yake, lakini siku ile nilimvulia kofia.

2020 akawa waziri, Muungano na Mazingira. 2022 Naibu Spika. Novemba 2025 Spika, baada ya uchaguzi ambao CHADEMA haikuwemo (hilo lina makala yake). Mtoto wa mjini kafika juu, hongera zake. Ila sisi wapiga kura tumepata nini? Spika hachangii bajeti. Haulizi swali la nyongeza. Hawezi kumbana Waziri wa Ujenzi kwamba watu wake wanavuka maji ya kiunoni. Kazi yake ni kumwambia mbunge wa jimbo lingine kuwa muda wake umekwisha. Na kiti hicho hakukianza jana, kabla ya unaibu alishakikalia kama Mwenyekiti wa Bunge.

Kijiweni kwetu wananibishia: Spika akipiga simu, waziri anapokea mlio wa kwanza. Sawa, na daraja la Jangwani linajengwa. Lakini simu haiingii kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni. Mwakani nikitaka kujua jimbo langu lilisema nini bungeni, nifungue ukurasa gani?

Ibara ya 84 ya Katiba inaruhusu Spika atoke nje ya wabunge. Mimi ningetaka iwe hivyo kila mara, ili mbunge abaki kuwa mbunge.

Yule jamaa wa suruali, kwa taarifa yenu, mwishowe alitoa buku akapandishwa mkokoteni hadi upande wa Fire. Mimi niligeuza nikarudi nyumbani.