Mseja wa Phoenix asisubiri kadi ya harusi

Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Arizona, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, hatukosi pa kwenda wikiendi. Kuna harusi, sendofu, arobaini ya mtoto, msiba, bethidei kwenye banda la bustani, na kila shughuli ina kamati na kundi lake la WhatsApp. Asiye na mke wala mume ana kazi mbili humo: kuchanga na kubeba viti. Akishamaliza viti, anaitwa pembeni na mama mmoja mwenye khanga begani: "Mwanangu, na wewe utatushonesha sare lini?" Nawapenda sana mama zetu. Ila hayo si matembezi.

Ninavyoona mimi, mseja anayeishi jangwani anahitaji zaidi watu wa kutoka nao kuliko mchumba, na asiyachanganye mambo hayo mawili. Sababu kubwa ni joto. Mwaka 2023, kuanzia mwisho wa Juni, Phoenix ilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Joto la hivyo linafungia watu ndani. Wenye familia wanafungiwa pamoja, wanagombana, wanapatana. Wewe unafungiwa na kiyoyozi na simu. Ukisema liwalo na liwe, ukapanda mlima Camelback saa nne asubuhi peke yako na kichupa kimoja cha maji, unaweza kuteremshwa na helikopta, kama una bahati. Watu wamekufa kwenye njia za milima hii. Siku za tahadhari ya joto kali, jiji lenyewe hufunga mchana njia za Camelback na Piestewa Peak.

Basi amka mapema, na uwe na mwenzako. Arizona haisogezi saa mbele kiangazi kama majimbo mengi ya Marekani (Wanavajo tu, kabila la wenyeji wa asili, ndio husogeza), kwa hiyo mwezi wa Juni jua linachomoza saa kumi na moja na kitu alfajiri. Wazoefu wanakuwa wameshaegesha. Hapo mseja ana nafuu kuliko wote: hana mtoto wa kumtafutia kiatu kilichopotea chini ya kitanda. Na mlimani maongezi yanakuja yenyewe. Mko kwenye mstari, unaona kisogo cha aliye mbele, ukiishiwa maneno utasema unahema. Zile tafrija za "waseja wakutane" hotelini, jina limebandikwa kifuani, dakika chache kila meza, mimi naziona ni usaili wa kazi tu, tena kazi ambayo mshahara haujatajwa.

Matembezi ninayoyapigia debe kuliko yote ni ya mto Salt, upande wa Mesa. Kuanzia Mei hadi Septemba watu hukodi tyubu kubwa za mpira, basi linawapeleka juu ya mto, wanateremka na maji taratibu kwa saa kadhaa. Beba shuka kuukuu ulitandike juu ya tyubu, kwa sababu mpira mweusi ukishapigwa na jua unaunguza mapaja. Chupa za vioo haziruhusiwi. Beba kamba pia. Tyubu hufungwa pamoja zisitawanyike, boksi la barafu linapewa tyubu yake, na anayeelea peke yake karibu yenu mrushieni kamba naye aungane. Ukibahatika utawaona farasi wa mwituni wakila majani ya mtoni, maji yamewafika tumboni. Wengi wetu tumetoka bara na kuogelea hatujui: vaa jaketi la kuokolea, acha aibu.

Wapenda umati waende Roosevelt Row, mtaa wa wasanii mjini Phoenix, Ijumaa ya kwanza ya mwezi jioni. Majumba ya sanaa yanafunguliwa, kuingia bure, treni inakushusha karibu. Mimi kelele zile zinanichosha. Afadhali bustani ya Papago Park, kupanda mwamba wenye tundu uitwao Hole in the Rock jua linapozama. Ni kilima kifupi, hata mwenye ndala anafika, ingawa simshauri. Wadada, popote mnapokwenda na watu mliowajua juzi, ndugu mmoja awe na ramani ya mlipo kwenye simu yake.

Kila mgeni anapelekwa Grand Canyon, na aende. Lakini ni zaidi ya saa tatu za kuendesha, na ukifika unazungukwa na familia zinazopigana picha. Mji wa Flagstaff uko karibu zaidi, kama saa mbili, kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, na usiku wa Julai utatafuta sweta. Huko kuna Lowell Observatory, kituo cha kutazama nyota, ambako sayari kibete Pluto iligunduliwa mwaka 1930, na wageni wanaruhusiwa kuchungulia darubini usiku. Mji unabana taa zake kwa makusudi ili nyota zionekane. Ulikuwa mji wa kwanza duniani kutambuliwa rasmi kwa hilo, mwaka 2001. Foleni ya darubini ni ndefu, giza limetanda, na hakuna anayejua jirani yake ana pete au hana. Mtaongea tu.

Mwezi ujao naelekea huko na gari langu lina viti vitatu wazi. Mafuta tunachanga, maji kila mtu na yake, na tunaondoka kabla jua halijakolea.