Anayeulizwa Mpakani si Bosi

Mfuko wangu wa vifaa vya ufundi wa mitambo ya baridi uliwekwa juu ya meza pale Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, na afisa wa uhamiaji akaanza kutoa kimoja kimoja: geji za kupimia gesi, bomba la shaba lililoviringishwa, kikata bomba, spana, koleo na tochi ya kuchomelea. Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia kwamba ninakwenda Bukoba kumtembelea ndugu yangu. Maneno hayo nilipewa na bosi kwa simu basi lilipokuwa limesimama Masaka: "Ukiulizwa, sema unaenda kwa ndugu. Mambo ya kibali yatatuchelewesha." Afisa alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya upole. Alizipanga geji kando ya pasipoti yangu, akaniangalia, akauliza: "Kijana, ni nani amekutuma?" Sikujibu, kwa sababu jibu la kweli lingethibitisha kwamba nilikwisha kusema uongo.

Nilirudishwa siku hiyo hiyo. Kompresa, yaani mashine ya kukandamiza gesi ya ubaridi, ya chumba cha kugandishia samaki niliyotumwa kuifunga ilifungwa na mtu mwingine, na bosi alinilaumu kwa kutojua kujieleza.

Miaka imepita, na sasa mimi ndiye ninayewaongoza mafundi wadogo, lakini kisa hicho nakiona kikijirudia kwa watu wa kazi nyingi: wahasibu wanaotumwa kukagua vitabu vya tawi, vijana wa kompyuta wanaotumwa kufunga mifumo, wakufunzi, hata wapishi wa makambi ya ujenzi. Msimamo wangu ni kwamba kutafuta viza au kibali kinacholingana na kazi yenyewe ni wajibu wa mwajiri, kwa fedha zake na kwa muda wake, na mfanyakazi ana haki ya kutopanda basi wala ndege mpaka karatasi hiyo iwe mkononi. Uongo unaosemwa mbele ya afisa wa uhamiaji hutoka kinywani mwa mfanyakazi, na alama yake hubaki katika jina la mfanyakazi.

Sisi Waganda tunapotea zaidi kwenye mipaka ya karibu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na tangu mwaka 2014 tunaweza kuvuka kwenda Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Watu wengi wameyachanganya mambo hayo mawili, wakaamini kwamba aliyeruhusiwa kuingia ameruhusiwa pia kufanya kazi. Kanuni za itifaki hiyo hiyo zinamtaka mfanyakazi mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na anayekwenda kwa muda mfupi zaidi aombe pasi maalumu. Tanzania, nilikokuwa nikienda, ina sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia, na mgeni anayeajiriwa huko huhitaji karatasi mbili kutoka ofisi mbili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi cha daraja B kutoka Uhamiaji. Hata pale serikali zinapokubaliana kusameheana ada, kusamehewa ada si kusamehewa kibali. Muhuri wa mgeni niliotarajia kupigiwa ungeniruhusu kula, kulala na kusalimia watu wa Bukoba. Haungeniruhusu kufungua hata nati moja ya mashine ile.

Nchi za mbali zina utaratibu mkali zaidi, ingawa msingi wake ni ule ule: kinachoangaliwa kwanza ni shughuli utakayoifanya, kisha muda utakaokaa. Viza ya mgeni ya Uingereza kwa kawaida humruhusu mtu kukaa hadi miezi 6, ahudhurie mikutano, ajadili mikataba na kuisaini, lakini haimruhusu kuajiriwa na kampuni ya huko wala kujaza nafasi ya mfanyakazi wake. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, hutoa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zikihesabiwa, na mtu aliyetumwa mara tatu kwa mwaka anaweza kuzimaliza bila kujua kama hakuna anayemhesabia. Viza ya B-1 ya Marekani ni ya mazungumzo ya biashara na mikutano. Hata hivyo ina mlango mmoja ambao mafundi wengi hawaujui. Mtu anaweza kuingia nayo kufunga au kutengeneza mashine iliyonunuliwa kutoka kampuni ya nje ya Marekani, iwapo mkataba wa mauzo unaitaka kampuni hiyo itoe huduma hiyo, ana ujuzi mahususi wa mashine hiyo na mshahara wake unalipwa na waliomtuma kutoka kwao; kazi ya ujenzi wenyewe haimo. Nimeutaja mlango huo kwa makusudi, kwa sababu unaonyesha kwamba mara nyingi njia halali ipo, na kinachokosekana ni mtu ofisini aliyekaa chini akasoma masharti kabla ya kukata tiketi.

Adhabu ya kusema uongo ni kubwa kuliko safari yoyote ya kazi. Uingereza, mtu aliyetumia udanganyifu katika maombi ya viza anaweza kufungiwa kwa miaka 10. Marekani, aliyepatikana amepotosha ukweli muhimu ili apate viza au aingie nchini anaweza kuzuiwa maisha yake yote, mpaka aombe msamaha maalumu na kukubaliwa. Hata aliyezidisha muda tu huko Marekani hasalimiki: anayekaa isivyo halali kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa miaka 3, na anayefikisha mwaka hufungiwa 10. Wale wanaotegemea muhuri uliofifia wajue kwamba tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuwasajili wageni kwa alama za vidole na picha ya uso, na kompyuta haisahau tarehe.

Mimi mwenyewe nililipia uongo wangu miaka mingi baadaye. Mwajiri mwingine, mtu wa haki, alitaka kunipeleka Uingereza kwa mafunzo ya mitambo mipya ya baridi. Fomu ya viza iliuliza kama nimewahi kukataliwa kuingia katika nchi yoyote ile. Nilikaa mbele ya swali hilo jioni nzima. Hatimaye niliweka alama kwenye "ndiyo", nikaandika mwaka, nchi na sababu, nikaeleza wazi kwamba nilisema uongo. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika jina la yule aliyenipigia simu Masaka. Viza nilipata, lakini sitasahau usiku zile za kungoja, nikijua kwamba sentensi moja niliyoitamka nikiwa kijana ilikuwa imekaa katikati ya maisha yangu yote ya kazi.

Najua waajiri watakachosema, na si maneno ya kupuuzwa. Mteja amepiga simu usiku, mashine imesimama, samaki wanaoza, na kibali kinachukua siku au wiki. Ni kweli. Lakini kampuni inayouza huduma nje ya Uganda inajua tangu siku ya kusaini mkataba kwamba siku moja mashine itasimama. Muda wa kuomba kibali cha fundi ni siku ile ya mkataba, kama ambavyo vipuri huagizwa kabla ya kuharibika kwa mashine. Kampuni ikiweza kuweka akiba ya gesi na mikanda, inaweza kuweka pia jina la fundi mmoja mwenye karatasi zilizokamilika. Asiyefanya hivyo amechagua kuuhamisha uzembe wake kutoka ofisini kwake hadi kwenye pasipoti ya mtu anayemlipa mshahara mdogo kuliko wake, na hilo linaniuma sana.

Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, mahali pa kazi pakiwemo. Basi tuanzie hapo. Anayetumwa na aombe barua yenye kutaja kazi jinsi ilivyo, mahali, idadi ya siku, nani anamlipa na nani atamgharimia matibabu, na barua ya mwaliko ya upande wa pili iseme maneno yale yale. Barua mbili zikipishana, moja ikisema mkutano na nyingine ikisema matengenezo, usiondoke. Suala la matibabu nalo lina uzito kwa sisi tunaoshika vyuma. Fundi aliyeingia kama mtalii akikatwa kidole kiwandani atawaeleza nini watu wa bima, wakati bima yake iliandikwa kwa ajili ya matembezi?

Wapo watakaosema kwamba ni rahisi kwangu kuhubiri kukataa, kwa kuwa mfanyakazi asiye na akiba hawezi kumkatalia bosi. Nakubali kwamba ni vigumu, nami nilishindwa. Ndiyo maana naona wakubwa wa kazi, yaani wasimamizi na mafundi wazoefu, wanapaswa kusimama mbele ya vijana wao na kulisema jambo hili kwa sauti yao, ili lisiwe ubishi wa kijana mmoja dhidi ya ofisi nzima.

Mwezi uliopita kijana wa karakana yetu alinijia na barua aliyopewa aende nayo Nairobi. Ilisema anakwenda kwenye "kikao cha biashara." Nilimwuliza, "Mwanangu, kwenye kikao hicho utabeba nini?" Akainamisha kichwa, akasema, "Mzee, nimeambiwa nibebe geji na mtungi wa gesi." Niliichukua ile barua, tukapanda ngazi pamoja hadi kwa mkurugenzi, nami nikamsimulia habari za Mutukula ambazo sikuwahi kumsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba siku mbili. Siku ya tatu barua mpya ilikuwa mezani kwangu, na mstari wake wa pili ulisema: kufunga na kujaribu kompresa mbili, siku 12, gharama zote kwa kampuni. Tulimwita kijana, akaketi kando yangu na pasipoti yake, tukaanza kujaza maombi ya pasi maalumu.