Robota linaondoka, belo linarudi

Jumamosi iliyopita nilibeba mfuko wa nguo kuukuu nikaupeleka kwenye kontena la chuma lililo kona ya mtaa wetu hapa Bremen, Ujerumani. Ni sanduku kubwa, lina mdomo wa kuvuta. Unatumbukiza nguo, unabamiza, unaenda zako. Nikatumbukiza suruali, nikafika kwenye koti. Koti zito la baridi, zipu nzima, limetoboka mfuko wa ndani tu. Mkono ukagoma.

Koti lile nalijua. Si lile lenyewe, ni ndugu zake. Ndiyo wanayovaa bodaboda wa Kirumba na Igoma kule Mwanza saa kumi na mbili asubuhi, nyuma mbele, zipu mgongoni, ili upepo wa ziwa usiwaingie kifuani. Na najua wanakoyapata: soko la mitumba la Mlango Mmoja, kwenye meza kama ya dada yangu. Kila koti linakung'utwa, linapekuliwa mifuko (aliwahi kuokota noti ya yuro kumi, akaniuliza ni ya mchezo au ya kweli), ndipo linatundikwa. Nikasimama pale kama mwizi, nimeshika koti langu mwenyewe, nawaza: mimi nalitupa bure, dada atalinunua ndani ya belo, furushi la mitumba.

Halafu nikafanya kosa la kusoma lebo za fulana zilizobaki mfukoni. Bangladesh. Bangladesh. Bangladesh. Hao karibu pamba yao yote wanaiagiza nje. Sisi Tanzania, kuanzia Magu na Kwimba mpaka Maswa na Bariadi, tunalima, tunapulizia sumu, tunabishana na mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi (iliyotolewa mbegu, bado haijasokotwa) inafungwa marobota na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenda bandarini Dar. Robota linaondoka, belo linarudi. Aliyesokota, aliyefuma na aliyeshona wako kwingine kabisa.

Najua tayari. Kuna mtu kule Buhongwa, Mwanza, mmoja wa mnaotaka mitumba ipigwe marufuku ili viwanda virudi, ameshaanza kuandika: "Huyu naye, tulimchangia nauli, leo anatufundisha uchumi." Mlinichangia, ni kweli, na sijasahau nani alitoa kiasi gani na nani aliahidi tu. Lakini kukaa huku hakujanipa akili ya ziada. Kumenipa mahali pa kusimama pa kuliona belo kabla halijafungwa.

Na mji wenyewe unanichokoza. Bremen ina Soko la Pamba tangu 1872. Jengo lake liko katikati ya mji, zuri, la fahari, nalipita nikienda kazini. Humu hamna mche hata mmoja wa pamba. Babu yangu alilima pamba maisha yake yote na jengo lake lilikuwa ghala la bati.

Huku wanapenda kusema wao ni watu wa biashara huria. Sasa tazama ushuru wa Umoja wa Ulaya. Pamba nyuzi inaingia bila kutozwa. Uzi unatozwa kama asilimia 4, kitambaa 8, nguo iliyoshonwa 12. Yaani kadiri unavyoongeza kazi ya mikono yako, ndivyo na wao wanavyokuongezea ushuru. Wakulima wao je? Theluthi moja hivi ya bajeti ya Umoja inaenda kwenye kilimo. Hakuna anayepiga kelele kwamba analinda. Wamelinda kimya kimya, kwa karatasi, mpaka wamesahau kama wanalinda.

Hapo nilikuwa nimeshapandisha hasira ya kizalendo, niko tayari kurudi nyumbani kuandika kwamba Wazungu wametufungia. Tatizo ni kwamba hawajatufungia. Tangu 2001 nchi maskini zaidi duniani, na sisi tumo, zinaingiza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila senti ya ushuru. Tangu 2011 walilegeza zaidi: hata kitambaa ukinunua kwa jirani, ilimradi umeshona kwako, unapita. Bangladesh waliingia kwa mlango huohuo. Sangara wetu naye alipita, yuko hapa dukani kwenye barafu, wanamwita jina la ziwa letu, na bei yake ukiiona utakaa chini. Shati halijapita kwa wingi kwa sababu shati lenyewe liko wapi?

Wakubwa zangu watanikumbusha viwanda vya nguo, Mwatex pale Mwanza na Mutex kule Musoma. Nakumbushwa kila nikipiga simu. Baba mdogo akianza kusifia vitambaa vya enzi hizo unaweza kwenda kuoga ukarudi ukamkuta bado yuko kwenye khaki. Lakini mama, akiwa pembeni anachambua mchele, huwa anamkata: "Na foleni ya RTC je, shemeji?" Yaani duka la serikali la mkoa. Kimya. Mama anakumbuka kupanga foleni kwa ajili ya doti moja ya khanga na kuondoka bila hata sabuni. Mitumba ilikuwa marufuku, soko lote lilikuwa la viwanda vyetu, ulinzi wa asilimia mia, na bado watu walivaa viraka. Kisha ikaja rukhsa ya Rais Mwinyi, mabelo yakaingia, watu wakavaa, viwanda vikazidiwa. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana mjadala huu hauishi kwenye familia yetu.

Sasa wenzangu mnataka ukuta huo urudi. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatuambia tukithubutu itaangalia upya nafasi yetu ya kuuza kwao bila ushuru chini ya sheria yao ya AGOA. Sisi tukarudi nyuma, Kenya na Uganda vilevile. Rwanda peke yake ikakaza na ushuru iliokuwa imeshaupandisha kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha. Hili bado linaniuma, nikiri. Hasa kwa kuwa Aprili 2025 nchi ileile iliyotufundisha ubaya wa ushuru iliutwisha karibu dunia nzima, sisi asilimia 10, na hakukuwa na wa kuitishia.

Kwa hiyo sina ugomvi na ushuru kama ushuru. Mjerumani mmoja wa karne ya 19, Friedrich List, alishasema kwamba Uingereza ilipanda juu kwa ngazi ya kujilinda kisha ikaipiga teke ili wengine wasipande. Wanaonukuu hilo nyumbani huwa wanakata kipande cha pili: kwa List ulinzi ni wa muda, wa kiwanda kinachokua. Mtoto anabebwa mgongoni, sawa. Ila huyu wa kwetu ana ndevu.

Julai 2022 Jumuiya iliongeza daraja la nne la ushuru, asilimia 35 badala ya kuishia 25, na nguo zimo. Juu yake bado kuna VAT ya 18. Vizuri. Ni kiwanda gani kimefunguliwa pale Mwanza, Igogo au Nyakato, kwa sababu hiyo? Nauliza kwa heshima, mwenye jibu alete nami nitafurahi kuliko wote. Maana kama hakuna, tumejenga ukuta kuzunguka kiwanja kitupu na mpita njia ndiye anayelipishwa matofali. Mpita njia mwenyewe ni yule bodaboda. Mashine za kufuma zinaingia bila ushuru, hilo halikuwa kikwazo. Vikwazo mnavijua, mnavilala navyo, jenereta ya jirani inawaimbia kila usiku.

Korea Kusini walilinda viwanda vyao, lakini mwenye kiwanda alitakiwa auze nje, na asiyeuza alinyimwa mikopo nafuu. Sisi tunampa mtu asilimia 35 halafu hakuna anayekwenda kuhesabu vyerehani. Mpe miaka, mhesabie, ukikuta vumbi mwondolee. Je, hayo nayo ni maneno ya Kizungu?

"Kwa hiyo unatetea takataka za Wazungu." Hapana, na nimechoka na neno hilo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye takataka hizo. Dada alifungua belo alfajiri huku moyo ukimdunda, maana belo ni bahati nasibu, unaweza kulipa la daraja la kwanza ukakuta soksi za upande mmoja. Ninaposema nataka kiwanda, sisemi afungiwe yeye kwanza, kisha tukingoje kiwanda huku amekaa. Lakini sitaki pia mtu aniambie mitumba ndiyo mwisho wa uwezo wetu. Mwanza ina timu ya mpira inayoitwa Pamba, ilichukua ubingwa 1990, imerudi Ligi Kuu 2024, na jezi zake naogopa hata kuuliza zimefumwa wapi.

Nilimpigia dada Jumapili nikamweleza haya yote, ushuru, ngazi, List, kila kitu. Akasikiliza vizuri, nyuma yake watu wanapiga kelele za bei. Nilipomaliza akasema, "Sawa mdogo wangu, nimekuelewa. Hebu niambie, hayo makoti yenye kofia na manyoya shingoni huko mmeanza kuyatupa? Bodaboda wananiulizia toka wiki jana."

Langu bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango.